Panya wa Shamba la Mama

Lilongwe, 28 Mei 2001

Mke wangu Esnati,

Salamu nyingi kutoka huku. Hujambo? Mama mkwe hajambo? Kifua chake kimetulia na baridi hii, au bado anakohoa alfajiri? Mimi ni mzima, ila nimepungua, maana sima ya mpishi wa kituo cha utafiti ikiingia tumboni inakaa siku mbili. Nimekukumbuka sana. Kitanda nilichopewa ni cha mtu mmoja, na bado nalala nimejibana ukutani kana kwamba upo.

Nakuandikia hasa kwa ajili ya yale mashamba matatu yenye vigingi vyekundu: la mama, la Bambo Laston na la kanisa. Wenzangu watakuja tarehe kumi na tano Juni kuhesabu panya, na watahesabu kwa mwezi mzima. Mimi sitakuwamo, natakiwa kubaki maabara. Wakumbushe watu niliyoyasema mkutanoni. Mashamba mawili tuliyawekea mahindi yaliyolowekwa dawa ya kuwazuia panya wasizae. Moja tuliliwekea mahindi matupu, liwe la kulinganishia. Lipi ni lipi sisemi, kwa sababu mkishajua mtahamia wote kuwinda kwenye lile la mahindi matupu, na hesabu itaharibika. Panya yeyote mwenye kipini cha bati sikioni ni wa kituo. Asichimbuliwe wala asichomwe mpaka hesabu iishe.

Najua naongea na nani. Wewe harufu ya mbewa, hao panya wa kuchoma, imewahi kukutoa kanisani kabla ya baraka.

Kuhusu mtoto, naomba tuendelee kuvumilia. Miaka minne si mingi mbele ya Mungu.

Mumeo,
Jailosi

*

Kijijini, 9 Juni 2001

Mume wangu,

Barua imefika kwa mkono wa kondakta, ikinuka dizeli. Sisi wazima. Mama anakohoa lakini anagomba pia, kwa hiyo yuko salama. Wewe kula. Ukirudi mifupa mitupu watasema nimekuroga.

Nina kosa la kuungama. Barua yako imekuta tumeshakula. Mama aliwachimbua kwenye shamba lake wiki mbili zilizopita, akasema shamba ni lake na panya waliomo ni wake, bati ni la serikali. Nikala sita. Niligundua vipini kwa jino. Hivi hapa vinne nimekufungia ndani ya karatasi, viwili sijui vimekwenda wapi, na usicheke.

Sasa sikiliza, maana hili si la kucheka. Habari ilifika kisimani, na kutoka kisimani ikafika kwa Mjomba Biswick. Aliniita mbele ya wajomba wote. Akasema, "Wewe mtoto, kazi ya mumeo ni kuzuia uzazi. Analipwa mshahara kwa kuzuia uzazi. Halafu unakaa unashangaa huzai?" Nikamwambia dawa ni ya panya. Akasema, "Na panya umekula." Wakacheka. Kisha akasema lile neno lao, kwamba jogoo wa kuazima asipoleta vifaranga hurudishwa kwao. Unajua hapa mkwe ndiye anayehamia kwetu, na mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Amesema baada ya mavuno ukoo utakaa kuamua.

Mume wangu, niambie neno moja tu. Shamba la mama lilikuwa na dawa au halikuwa nayo? Siwezi kulala. Nakiweka kiganja tumboni nawaza nimejifungia mlango mwenyewe kwa ulafi.

Na ile ahadi? Mimi nilikwenda hospitali ya boma mwaka jana, wakanipima, wakasema hawaoni kasoro. Ulisema na wewe utakwenda huko Lilongwe. Umekwenda?

Mkeo,
Esnati

*

Lilongwe, 20 Juni 2001

Mke wangu,

Naamini uko salama, na mama pia. Mimi sijambo.

Vipini nimevipokea. Nambari zake nimeziandika kwenye daftari, na mbele ya kila moja nimeandika "ameliwa". Dokta, mkuu wetu wa utafiti, aliposoma aliuliza kama walikuwa watamu.

Usiogope. Dawa yenyewe ni ndugu wa vidonge vya uzazi wa mpango vinavyotolewa zahanati. Katika panya sita inabaki chembe tu, na chembe hiyo inatoka mwilini. Lakini shamba lipi siwezi kukutajia. Nilitia sahihi. Hesabu ikivuja kabla ya wakati, kazi ya miaka miwili inakufa na mimi nafukuzwa. Ngoja mpaka katikati ya Julai.

Hospitali nitakwenda wiki hii. Kweli safari hii.

Jana niliona mwanamke sokoni ananunua nyanya, anazibinya moja moja na kuzirudisha kama wewe. Nilimfuata mpaka mwisho wa safu bila kujua namfuata kwa nini.

Mumeo,
Jailosi

*

Kijijini, 12 Julai 2001

Mume wangu,

Hujambo? Sisi tupo. Mahindi yameshaingia ghalani.

Wiki tatu bila barua. Kondakta nimemngojea barabarani mara nne, sasa akiniona kwa mbali anatikisa kichwa kabla basi halijasimama. Umeumwa? Ulikwenda hospitali?

Wanaohesabu panya ni watu wema lakini hawajui kukaa kimya shambani. Nimewauliza shamba la mama lilipewa nini, wakasema hata wao hawajui, anajua Dokta na aliyechanganya. Aliyechanganya ni wewe.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Niandikie hata kama ni baya.

Mkeo,
Esnati

*

Lilongwe, 21 Julai 2001

Esnati,

Nakusalimu, namsalimu na mama. Sikuumwa.

Hesabu imekwisha, kwa hiyo naweza kusema. Shamba la mama lilikuwa na dawa. Nilijua tangu siku ya kwanza na nilipaswa kukuonya kwa nguvu zaidi. Na si hao panya sita tu. Nimechanganya dawa hii tangu kabla hatujaoana, nikarudi nayo nyumbani mikononi na kwenye nguo ulizokuwa unazifua. Mjomba wako ana haki. Mimi ndiye niliyekuzuia.

Itakutoka ukikaa mbali nami miezi michache. Una miaka thelathini, bado utazaa. Ukoo wakikaa, usinitetee. Waache wanirudishe kwetu. Jembe na baiskeli ni vyako, na shoka mpe mama.

Usinijibu. Itakuwa rahisi zaidi kwetu sote.

Jailosi

*

Kijijini, 5 Agosti 2001

Mume wangu,

Hujambo? Nauliza kwa sababu bado mimi ni mkeo, na mke huuliza. Mimi sijambo, ila nimelia siku tatu. Siku ya nne nimechukua jembe.

Wewe umesoma panya kwenye vitabu. Mimi nimezaliwa kwa watu wanaowauza barabarani, najua shimo lenye watoto kwa kulitazama mdomo. Nimeanza kwa Bambo Laston. Mashimo kumi, wote wakubwa, hakuna kitoto hata kimoja. Nikaenda la kanisa, mashimo tisa, hivyo hivyo. Halafu la mama. Nimechimba manane, na katika matano nimekuta watoto, wekundu, macho hayajafunguka, wengine saba, wengine tisa. Mama alikuwa amesimama pembeni na kikapu. Akasema, "Hawa wamekula dawa gani, ya kuzaa?" Mwandikie Dokta wako hayo kwenye daftari.

Shamba la mama lilikuwa la mahindi matupu, Jailosi. Umenidanganya.

Na nguo? Nguo zako nilizifua mwaka mzima pamoja na dada yangu Malita alipokaa kwetu. Alipoondoka akazaa mapacha.

Kwa hiyo nimekaa nikajiuliza, mtu mwoga kama wewe, anayeandika "ameliwa" kwenye daftari badala ya kuficha, amepata wapi ujasiri wa kusema uongo mkubwa hivi? Nikakumbuka zile wiki tatu za kimya. Ulikwenda hospitali. Ulikwenda, na waliyokuambia hukuweza kuyaandika. Ukaona afadhali nikuchukie, nipate mume mwingine, nizae.

Nimekasirika mpaka kalamu imetoboa karatasi, angalia. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wewe umeuficha kwa mkeo. Ndiyo, nataka mtoto. Sitakudanganya kama wewe. Nikimwogesha mtoto wa Malita namnusa shingoni, halafu naenda kukaa chooni nilie, mama asinione. Hilo halitanitoka. Lakini nakutaka na wewe. Jioni nikisikia baiskeli njiani naacha ninachofanya. Kati ya hayo mawili lipi nalitaka zaidi hukuniuliza, umeamua peke yako huko Lilongwe, kama mimi ni shamba la kuwekewa kigingi.

Ukoo utakaa Jumamosi ya tarehe kumi na nane. Njoo useme mwenyewe, kwa mdomo wako. Sikuahidi kitu. Mjomba anaweza kukufukuza mbele ya watu. Lakini akikufukuza nataka niwe nimesimama pale, nikuone unavyoondoka, nijue kama miguu yangu itakufuata. Usipokuja, nitajua kuwa kuondoka ulikutaka mwenyewe, na mtoto ulimfanya kisingizio.

Mkeo,
Esnati

*

Barabarani, Jumamosi 18 Agosti 2001

Mke wangu,

Hujambo? Naandikia magotini. Niko hapa kwa wauza mbewa, kilomita mbili tu kutoka kwenu, na nimekaa tangu saa nne asubuhi. Dereva mmoja ameshika kijiti cha mbewa kilichokuwa karibu nami na kuniuliza bei, akidhani nauza. Nilimtajia.

Nilikwenda hospitali tarehe ishirini na sita Juni. Walipima mara mbili. Mbegu hakuna kabisa. Daktari aliniuliza kama nilipata matubwitubwi nikiwa kijana, nikasema ndiyo, nilikuwa na miaka kumi na minne, nililala wiki tatu. Akasema basi ndiyo hayo yaliyoziua mbegu. Alikuwa na haraka, watu walikuwa wengi kwenye foleni. Wewe hukuwahi kuwa na kosa hata siku moja. Miaka minne umekunywa mizizi ya kila mtu aliyekuja na mfuko, umemeza na kutapika, na mimi nilikuwa nakushikia kikombe.

Naomba msamaha kwa uongo. Sikutaka uondoke. Nilitaka usibaki kwa kunihurumia.

Asubuhi niliposhuka kwenye basi nilikuwa na maneno yote ya kumwambia mjomba wako. Sasa sina. Sijawahi kusikia mwanamume yeyote akisema jambo hili mbele ya wakwe, na miguu yangu imekataa kabisa. Mama Lefinesi amemaliza kuuza na anarudi kijijini, nimempa karatasi hii. Amesema jibu lako atanitumia kwa mpita njia yeyote. Kama hunitaki tena, usiandike kitu. Basi la kurudi Lilongwe linapita hapa saa kumi, nitalipanda.

Mumeo,
Jailosi

*

(nyuma ya karatasi hiyohiyo)

Mume wangu,

Wajomba wamekaa tangu asubuhi na Mjomba Biswick amekasirika. Mimi pia nimekasirika. Liache basi lipite.

Mkeo,
Esnati