Nilivyokwenda Jozani Kukitetea Chumba Changu

Malindi,
Unguja Mjini.
24 Novemba 1971

Mpendwa mdogo wangu Jecha,

Nimeutembea msitu wa Jozani kwa miguu yangu, kwenda na kurudi, bila ya bakora, na vijana nikawaacha nyuma wanahema.

Sasa nikusalimie. Hujambo wewe? Huko Tanga hawajambo nyumbani? Mgongo wako umeacha kulalamika, au bado unautumia kukwepea kazi? Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, na hilo silihesabu kwa kuwa halinisikilizi tena. Idi tumekula salama, alhamdulillahi.

Haya, niliyoandika pale juu ni uongo. Kwenda nimekwenda kwa miguu. Kurudi nimerudi ndani ya toroli. Nakwambia mapema kwa sababu binti yangu Biasha naye anajua kuandika, na yule habakishi kitu.

Ilikuwa hivi. Ndani ya Ramadhani niliteleza ngazini, vidato vinne tu, nikafikia makalio. Biasha akaamua kuwa siwezi tena kukaa peke yangu ghorofani, nihamie kwao Kiembe Samaki. Mumewe Msabah ni mtu mwema, na hapo ndipo penye shida, hana mzaha hata punje. Ukimtania anakuuliza kama unaumwa.

Sihami, Jecha. Chumba hiki ndicho alichofia marehemu mke wangu Kidawa, na msumari aliokuwa akitundikia buibui lake upo pale pale. Tena dirishani kwangu namwona kila apitaye chochoroni, na kila mmoja nshampa jina.

Biasha akaja na sharti. "Idi tatu tunawapeleka watoto Jozani. Wamefyeka njia mpaka kwenye kile kiwanda cha mbao ulichofanyia kazi. Ukifika na ukarudi kwa miguu yako, Baba, sitokutajia tena kuhama. Ukishindwa, unahama."

Nikamwambia, "Chumba ulichoniwekea kipangishe, mama."

Si ungecheka na wewe? Jozani, mimi niliyekokota magogo pale miaka minane, wakati wewe uko skuli unajifunza mwandiko.

Tulikwenda na basi la shamba. Hapo pazuri siku hizi. Bwana Miti anayeutunza msitu, kijana mmoja akiitwa Usi, kaugongomea kila mti kibao cha jina lake, utadhani unakwenda kuandikishwa. Wanawake wakateleka pilau, watoto wakafunga pembea kwenye mtondoo. Kima punju wakakaa juu wanatutazama. Mjukuu wangu Mwanakheir akasema yule mwenye nywele nyeupe kanifanana. Nikamwambia asalimie basi, ni mkubwa wake. Akatoa shikamoo kwa adabu zote.

Wenzangu wakashika njia iliyofyekwa, inayozunguka mbali. Mimi nikaiona njia yetu ya zamani ya kuburuzia magogo, imenyooka moja kwa moja mpaka kiwandani. Nikajisemea, leo watanikuta nshafika, nimekunja nne. Nikajificha nyuma ya mti kama nina haja zangu, wakapita.

Hatua mia za mwanzo, raha tupu. Halafu maji. Ya vifundoni, ya magotini, mara ya mapajani, meusi kama kahawa. Nikasimama nikashangaa, maana njia ile naijua kama kiganja changu. Ndipo nikakumbuka kuwa mvua zikianza tu tulikuwa tukisimamishwa kazi, tunarudi mjini mpaka ardhi ikauke. Miaka minane, Jecha, na msitu ule sikupata kuuona wakati wa mvua hata siku moja. Nao mwezi huu ndio vuli imeshika.

Kurudi nyuma sikukubali, na kupiga kelele sikukubali. Nilishika mizizi, nikavuta mguu mmoja, nikauombea wa pili. Kubadhi moja ilibaki topeni, mguu ukatoka mtupu. Nilipofika kiwandani kumebaki jukwaa la saruji na gurudumu lenye kutu. Nikakaa juu ya jukwaa, matope mpaka kifuani. Baadaye ndio wakatokeza.

Biasha akanitazama. "Baba, unatoka wapi?"

"Natoka kazini."

Hakucheka. Alinifuta uso kwa ncha ya kanga. "Na ungezama humo, ningekutafutia wapi?" Nikajishughulisha na kubandua tope mguuni.

Nilipotaka kuinuka, goti likakataa katakata. Usi akaleta toroli la kubebea miche. Biasha akafuatana nami njia nzima, kaishika kubadhi yangu moja iliyobaki. Kwenye basi ndio akanena. "Jumamosi ya tarehe nne tunakuja kuchukua kitanda chako."

Mimi sijashindwa. Kila alfajiri napanda na kushuka ngazi hizi mara tatu, vidato thelathini na kimoja, nimeshika ukuta. Jana sikupumzika katikati. Januari ardhi ikikauka nitakwenda tena, kwa njia yao hiyo ndefu ya watoto, na nitarudi kwa miguu. Nimemwomba Biasha anipe muda mpaka hapo. Kasema mimi hanisikilizi tena, labda aambiwe na Ami Jecha.

Nisalimie shemegi Bi Kazija, mwambie mapishi yake nayakumbuka zaidi kuliko wewe. Nisalimie mwanao Hija na wanawe. Mola awakunjulie riziki na akulinde na mgongo wako.

Basi kumbuka ile wiki uliyotorokea Matemwe kumfuata Kazija, nami nikamwapia mama kuwa umelazwa na surua. Sijakudai kitu mpaka leo. Sasa nakudai mistari miwili, kwa ule mwandiko wako wa skuli, umfikie Biasha kabla ya Jumamosi hiyo: amwache baba yake chumbani kwake mpaka Januari.

Kaka yako akupendaye hata ukichelewa kujibu, ila safari hii usichelewe,

Pandu