Sitaomba Radhi kwa Ukurasa Ule

Ukunda,
Jumapili, baada ya ibada.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nawe Mshai, mdogo wangu unayemsomea Baba, marahaba kabla hujaniamkia. Nakuomba jambo moja tu: usiruke mstari. Najua tabia yako. Katika barua iliyopita uliruka habari ya malaria yangu ili Baba asipate wasiwasi, naye akaja kuisikia kanisani kwa watu. Leo soma yote, hata yatakayomkasirisha. Yapo.

Baba, macho yanaendeleaje? Nimeambiwa kwamba daktari wa Voi amesema mtoto wa jicho la kulia amekomaa na wa kushoto anamfuata, nawe umekataa kupasuliwa mpaka mahindi yaingie ghalani. Sina la kusema juu ya ukaidi huo kwa sababu ndio niliourithi, kama utakavyosikia. Mgongo wa Mama je, umetulia? Mimi ni mzima. Joto la huku nimelizoea, na hata wali wa nazi sasa nisipoupata naona sijala.

Barua yako niliipokea Jumatano. Mwandiko ni wa Mshai lakini maneno ni yako, maana hakuna mwingine nyumbani asemaye "kwa heshima na taadhima" katikati ya ugomvi. Umeniambia niitie sahihi ile karatasi ya kuomba radhi. Umesema kazi ni adimu, na hoteli nyingi za huku zimefunga milango tangu zile ghasia za Likoni. Ni kweli. Umesema pia kwamba ukurasa wa kompyuta si kitu cha kumkosesha mtu mkate. Hapo hatukubaliani, na naomba unisikilize mpaka mwisho, kama ulivyokuwa ukinitaka nikusikilize wewe.

Kwa simu nilikueleza nusunusu, laini ikakatika. Nianze upya. Wageni walipopungua, meneja wetu alishauriwa hoteli iwe na ukurasa katika intaneti. Yaani maandishi na picha ambazo mtu aliye Ulaya huzifungua kwenye kompyuta yake kupitia waya wa simu, akajua vyumba vyetu vilivyo, akaandika kuomba nafasi. Ni wazo zuri na niliunga mkono. Ikaajiriwa kampuni moja ya Nairobi. Fundi wao akaja, akakaa siku tatu, akala kamba, akapiga picha bwawa la kuogelea kila upande, akarudi kwao. Kazi ilipokamilika tuliitwa sote ofisini kwa meneja kuitazama. Mnazi ulikuwa ukitikisika kwenye kioo, na jina la hoteli likiwaka na kuzimika. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, sitakudanganya.

Kesho yake nikaufungua kwenye kompyuta ya ofisi yangu, ninakopokea maombi ya vyumba. Ni ile kuukuu iliyokuwa ya mhasibu. Ukatoka weupe mtupu, na katikati maneno machache kwamba programu ninayosomea haifai, nikatafute ya kampuni fulani kubwa, tena toleo jipya, ndipo nirudi. Nikampigia fundi. "Madam, hiyo mashine ni ya kitambo," akanijibu. "Wasee wata-upgrade tu. Dunia ndiko inaenda." Nikamuuliza, na mgeni asiyeweza kununua mpya je? Akacheka, akaniambia huyo hata nauli ya ndege hana.

Nyuma yangu alikuwa amesimama Mwanasiti, mwenzangu wa mapokezi, mama wa Kidigo kutoka Msambweni ambaye hata hasira zake huzitoa kwa adabu. Alisoma yale maneno, akatikisa kichwa. "Wakesho, kwetu mtu akipiga hodi huitikiwa karibu kwanza," alisema. "Ya kwamba ni nani na katoka wapi huulizwa baadaye, akishaketi na kunywa maji. Huyu kaambiwa arudi kwao akabadilishe viatu."

Baba, jambo lenyewe si gumu, na wewe unalielewa kuliko yule fundi. Kurasa hizi zina kanuni zilizoandikwa wazi. Watu wa nchi mbalimbali walikaa wakakubaliana: kichwa cha habari kitiwe alama hii, aya alama ile, na kila picha iambatane na maneno yake kwa ajili ya asiyeiona. Kanuni hizo hazina mwenyewe. Ukizifuata, kompyuta yoyote itausoma ukurasa wako, mpya kwa kuukuu, kila moja kwa kadiri yake. Lakini sasa kampuni mbili za ng'ambo zinagombea watu, na kila moja imejitungia alama zake ambazo mwenzake hazijui, ili ukishaingia kwake usitoke. Mafundi wetu wanaziparamia kwa sababu zinang'aa. Mimi nimejifunza haya bila mwalimu, kwa kufungua kurasa za watu na kutazama zilivyoandikwa ndani, maana ukurasa ulioandikwa kwa kanuni haumfichi mtu kitu. Nani atanizuia kusoma?

Tena mwalimu nilikuwa naye, ni vile tu hakujua. Nani alikuwa akigonga kijiko mezani jioni, nukta na vistari vya telegramu kama alivyovipiga kazini, mpaka uji ukapoa? Ulituambia karani wa telegramu wa Voi humsoma karani wa Kisumu ingawa hawajaonana, hata kama kibonyezo cha mmoja ni cha shaba inayong'aa na cha mwenzake kimefungwa kwa waya. Hukusema Kisumu inunue kibonyezo kama cha Voi kwanza.

Sikiliza sasa kichekesho. Fundi alipokuwa huku aliuliza matembezi ya wageni mwambani huanza saa ngapi, akajibiwa saa nne. Ilikuwa saa nne siku ile. Matembezi hayo hufuata maji kupwa, na kupwa husogea kila siku; baada ya juma moja saa nne hiyohiyo bahari imejaa pomoni. Yeye akaandika saa nne kila siku, tena akaandika kwa picha, herufi zenyewe ni picha. Basi wageni wakawa wanateremka na viatu vyao vya mpira na ukurasa ule uliopigwa chapa mkononi, wanakuta mawimbi yanapiga ukuta wa hoteli. Bibi mmoja aliniuliza mwamba umehamishiwa wapi. Nilipotaka kusahihisha nikaambiwa mkataba hauruhusu, hata nukta ikibadilishwa ni lazima ibadilishwe na kampuni. Hoteli ni yetu, bahari iko mlangoni petu, lakini saa ya maji kupwa Diani inatoka Nairobi. Nasikia ndivyo biashara hiyo inavyofanywa kila mahali. Basi inafanywa vibaya kila mahali.

Hayo yote ningeyameza. Nililoshindwa kulimeza ni la Bwana Otto.

Bwana Otto ni Mjerumani, mwalimu wa piano aliyestaafu, kipofu tangu ujana wake. Kila Februari alikuwa akija na mkewe, na mkewe ndiye aliyemsomea kila kitu, kuanzia orodha ya vyakula hadi majina ya ndege wa bustanini. Mke alifariki. Mzee akanunua kompyuta yenye programu inayosoma maandishi kwa sauti, akajifunza kuitumia peke yake katika umri ule. Alipopata habari kwamba tuna ukurasa aliufungua, kisha akanipigia simu. "Wakesho," akaniambia kwa Kiingereza chake cha taratibu, "ukurasa wenu umenitamkia neno moja tu. Picha. Picha. Picha. Nikadhani mashine imeharibika. Je, mmenifungia?"

Nilikukumbuka wewe, Baba. Unaikumbuka ile kadi? Mwaka wangu wa kwanza huku nilikutumia kadi yenye picha ya ufuo wa Diani, mchanga mweupe na minazi, na nyuma nikaandika shikamoo na jina langu, basi, nikidhani picha itasema yaliyobaki. Macho yako yalikwisha kuanza kuingia ukungu, nami sikujua. Mshai aliniambia uliigeuzageuza, ukaisogeza dirishani, ukauliza kama mwenzenu huko ameishiwa maneno, kisha ukaitia ndani ya Biblia na hukuitaja tena. Nilijisikia vibaya sana, na bado.

Kwa hiyo nikaandika ukurasa mwingine. Nilitumia saa za chakula cha mchana, juma zima, na Mwanasiti akinipokelea simu. Hauna mnazi wala kitu kinachowaka. Ni maneno: vyumba, vyakula, saa za maji kupwa ambazo nilizibadilisha kila asubuhi, na njia ya kutoka mapokezi hadi chumba namba sita, kile cha Bwana Otto, kwamba ukuta uko mkono wa kushoto, kisha ngazi tatu za kuteremka, kisha unasikia harufu ya jikoni. Neno la siri la kuingilia kwenye kazi ya kampuni fundi alikuwa amelibandika kwa gundi ubavuni mwa mashine yangu. Nikalitumia. Juu ya ukurasa wake unaong'aa nikaongeza mstari mmoja, asiyeona picha aingie hapa. Sikumwondolea chochote.

Bwana Otto alipiga simu tena. Akaniuliza kama ngazi ya tatu bado ina ufa. Bado ina ufa, Baba. Nilicheka huku machozi yananitoka, na Mwanasiti akanisukumia leso yake bila kuuliza.

Fundi alipogundua, kampuni ilimwandikia meneja barua kali kwamba nimevunja mkataba na kuharibu kazi ya kitaalamu. Meneja si mtu mbaya, ni mtu anayeogopa barua. Akanipa karatasi iliyokwisha kupigwa chapa: kwamba naomba radhi, kwamba niliingilia jambo nisilo na ujuzi nalo, kwamba ukurasa wangu ulikuwa kosa na nakubali ufutwe. Niwe nimeitia sahihi kabla ya Ijumaa adhuhuri.

Kutumia neno la siri bila kuuliza ni kosa, na nilimwomba meneja radhi uso kwa uso siku ileile. Lakini kusema kwamba ule ukurasa ulikuwa kosa ni uongo. Siwezi kuutia uongo sahihi ya jina mlilonipa nyinyi.

Na sasa nasema lile la kukukasirisha. Mshai, hapa ndipo hasa usiruke. Baba, Mama alitusimulia kwa nini ulihamishwa ukapelekwa ile stesheni ya porini tulikozaliwa sisi. Mkubwa wako alitaka telegramu za matajiri zitangulie na telegramu ya msiba ya mkulima ingoje. Wewe ukaigonga ya msiba kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyofika kwanza. Ukaletewa karatasi ya kuomba radhi. Hukuitia sahihi, ukakaa porini miaka na tembo wakila ndizi zako. Hukuwahi kutusimulia mwenyewe, labda ukiogopa tutaiga. Umechelewa. Basi usiniambie leo kwamba ni karatasi tu.

Hata meneja alitumia maneno hayohayo Ijumaa. "Wakesho, ni karatasi tu," aliniambia.

"Kama ni karatasi tu, Bwana," nikamjibu, "mbona mnaihitaji sahihi yangu?"

Nikachukua kalamu, na mahali pa sahihi nikaandika neno moja, nikamrudishia. Alilisoma, akaikunja karatasi polepole. Hakunifukuza. Kuanzia kesho mimi ni wa kufulia, mashuka na taulo, na mshahara utashuka. Fedha ya upasuaji wako iko kwa Mshai tayari na haiguswi, kwa hiyo usije ukaifanya kisingizio. Ukurasa wangu waliufuta Ijumaa ileile. Lakini nilikuwa nimeshaupeleka kwa Bwana Otto, naye mpwa wake akauweka kwenye kompyuta yake huko Ujerumani, na kwa kuwa umeandikwa kwa kanuni, umefunguka bila kubadilishwa hata nukta. Saa za maji kupwa nitakuwa nampelekea mpwa huyo kwa faksi ya posta. Naomba anitokee mtu wa kunikataza.

Mwanasiti anakusalimu sana, anasema angependa kumwona mzee aliyezaa mtu mbishi namna hii. Msalimie Mama, na umwambie leso aliyoitaka nimeipata. Msalimie shangazi anayeuza maziwa, mjomba wa kwaya, na katekista wangu. Nakuombea macho, na nakuomba radhi kwa ukali wangu. Radhi hiyo naitoa bila kuletewa karatasi.

Mshai, soma haya machache ya mwisho, na kazi yako imeishia hapo. Mpe Baba karatasi mkononi.

Baba, chini ya jina langu nimetoboa kwa sindano, kutoka nyuma, ili vinundu vitokeze mbele. Tundu moja ni nukta, matundu matatu yaliyofuatana ni kistari. Ni herufi sita. Pitisha kidole kutoka kushoto, hapo huhitaji macho wala wa kukusomea. Ndilo neno nililomwandikia meneja mahali pa sahihi: HAPANA. Lisome mwenyewe, kisha uniambie kama mkono wangu hautambuliki.

Ni mimi, binti yako,
Wakesho