Mashua Iliyorudi Bila Kuondoka

Otieno, omera, ndugu yangu,

Ukurasa wako wa mashua ulikuwa mwekundu kila asubuhi tangu tulipokuzika. Sasa najua kwa nini, na nimeona wewe ndiye wa kuambiwa kwanza, kwa sababu sehemu ya mwisho ya hitilafu ile ilikuwa wewe mwenyewe.

Nianze na taarifa, maana ndivyo unavyonijua. Mama yako anakula, kidogo. Mdogo wako Ouma anavua omena kwenye mashua ya mtu mwingine. Kiti chako hapa ofisini Kisumu hakijapewa mtu. Mhasibu huweka mkoba wake juu yake, nami huuondoa, na hatujawahi kulizungumzia jambo hilo. Tanzia yako niliiandika mimi. Mhariri alitaka niongeze kwamba ulikuwa mtu wa watu. Nilikataa. Ulikuwa mtu wa watu wachache, na gazeti halina ruhusa ya kubadilisha hilo kwa sababu umekufa.

Sasa ukurasa. Nakumbuka siku ulipouanza. Mashua moja ya kwenu ilikuwa imezimika injini ikaelea mchana kutwa, na pale ufukweni hakuna aliyegundua kwamba haijarudi. Ulinichorea mpango wako kwenye karatasi ya kufungia mandazi. Jioni, Mama Risper, karani wa ufuko wa Luanda Kotieno, anaandika kwenye simu majina ya mashua zinazotoka. Asubuhi anaandika zilizorudi. Orodha mbili. Tovuti ya gazeti letu inazilinganisha: zikiwa sawa, ukurasa unakuwa wa kijani; zisipokuwa sawa, mwekundu. Ulisema ni kazi ya alasiri moja, na kwako ilikuwa hivyo.

Ulipofariki, ofisi ilimtafuta fundi kwa simu auhamishe ukurasa kutoka kwenye mashine yako. Aliuhamisha haraka. Ile sehemu fupi uliyoiandika ya kulinganisha orodha aliiacha nyuma, akaweka mstari mmoja wenye alama tatu za usawa. Kuanzia asubuhi iliyofuata, mwekundu. Mashua zote zimerudi, mwekundu. Kesho yake tena.

Unajua vizuri kuliko mimi rangi hiyo ina maana gani kwenu. Asubuhi ya kwanza mama yako alishuka mbio hadi majini bila viatu. Ouma alikuwa ameshatua, anakunja wavu. Aliniambia mama alimshika shati kifuani, akalishikilia. Alikuwa ametoka kumzika mmoja.

Baada ya hapo wavuvi walianza kufanya mzaha. Mmoja wao alinipigia akaniambia, "Mzee, hiyo kompyuta yenu inatuzika kila asubuhi, na mimi bado sijaonja hata nyama ya matanga yangu." Nilisikia wenzake wakicheka nyuma yake. Mama Risper hakucheka. Alinieleza kwamba kamati ya ufuko inataka ukurasa ufungwe, kwa kuwa watu wameanza kutoijali rangi yake, na siku mashua itakapopotea kweli, wekundu wake utakuwa kama wa jana na juzi. Mama yako peke yake ndiye aliyekuwa bado anaijali, na kila asubuhi anashuka. Mhariri alinipa hadi mwisho wa wiki. Nisipopata dawa, anaufuta.

Mimi ni mwandishi wa habari. Mambo ya msimbo niliyapata kwa kusimama nyuma ya kiti chako nikingoja umalize twende tukale. Lakini hakukuwa na mwingine.

Hatua ya kwanza ulikuwa umenifundisha bila kujua. Tulikuwa kwenye kile kibanda cha chakula cha Nyamasaria, mimi na wewe tumeagiza ugali na omena, na nilikuwa nimekuuliza kwa nini kompyuta inadai kwamba orodha mbili zenye majina yaleyale haziko sawa. Ulisogeza sahani yako karibu na yangu. "Chakula ni kilekile. Ni sahani moja hizi?" Nikasema hapana. "Basi nayo inakujibu hivyo. Inaangalia sahani, haiangalii omena." Kisha ukala samaki wawili wa kwangu, ukasema ni gharama ya somo.

Kwa hiyo niliuona ule mstari wa fundi nikajua tatizo. Orodha ya jioni na orodha ya asubuhi zinakaa mahali pawili kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Alama tatu za usawa zinauliza kama ni kitu kimoja. Jibu ni hapana, hata kama mashua zote ziko nchi kavu.

Niligeuza kila orodha kuwa maandishi ya mstari mmoja, nikalinganisha maandishi. Bado mwekundu. Niliyachapisha yote mawili nikayaweka mezani. Nilipoyapitia haraka, majina yalikuwa yaleyale, ila mpangilio tofauti, maana mashua hazirudi kwa foleni ile ziliyotoka nayo. Nikaiagiza programu ipange orodha zote kwa alfabeti kabla ya kulinganisha.

Asubuhi iliyofuata Mama Risper alinipigia kabla sijafika kazini. "Wewe mtu wa gazeti, nani amekuambia hiyo boti ya akina Abich ilitua ya kwanza?"

Nilikuwa nimesahau mambo ya kwenu. Pale ufukweni anayetua kwanza ndiye anayepimiwa samaki kwanza, na wachuuzi siku hizi wanafungua ukurasa wako kuona zamu ni ya nani. Nilidhani nimepanga orodha kwa ajili ya kulinganisha tu. Kumbe agizo lile linaivuruga orodha yenyewe, na iliyovurugwa ndiyo iliyoonyeshwa watu. Mashua ya akina Abich, ambayo jina lake linaanza na A, ikapanda juu. Mama Risper aliniambia vijana wa mashua hiyo walifurahi sana, na wavuvi wengine walitaka kuwapiga. Nikatengeneza nakala kwanza, nikapanga nakala, orodha ya kweli nikaiacha jinsi alivyoiandika. Zamu zikarudi mahali pake.

Ukurasa ukabaki mwekundu.

Ungekuwepo ungeniambia niache kubahatisha. Niliiagiza programu isinipe rangi; inipe jina. Ipi iko kwenye orodha moja na haiko kwenye nyingine? Lilikuja jina moja. Lilikuwa kwenye orodha ya asubuhi, na kwenye ya jioni halikuwepo. Kwa maneno mengine, mashua iliyorudi bila kuondoka.

Nyar Asembo.

Otieno, nilikuwa na wewe ulipoinunua. Nilikuwa na wewe ulipoipa jina la bibi yako. Nimeandika habari za ajali, za moto, za watu niliowafahamu, na mkono wangu haujawahi kusimama. Siku hiyo ulisimama. Mhasibu aliniuliza kama nataka chai.

Nilikwenda Luanda Kotieno siku hiyohiyo. Mashua yako iko juu ya mchanga, mbali na maji, makasia yametolewa. Wazee wamesema imefiwa na mwenyewe, haigusi maji mpaka mambo ya matanga ya nyumba yako yaishe na ikabidhiwe Ouma. Hilo nililijua, nilikuwepo waliposema. Ambalo sikulijua ni namna Mama Risper anavyofanya kazi. Haketi mahali akisubiri mashua zije kwake. Alfajiri anatembea ufuko wote hadi penye feri ya Mbita, na kila mashua anayoiona anaiandika.

Nilimweleza kwa upole kwamba Nyar Asembo haitoki jioni, kwa hiyo asubuhi airuke. Alinitazama kana kwamba nimemwomba aibe.

"Iko hapa," akasema. "Mashua ikiwa hapa naiandika. Nikiiacha nitakuwa nimesema imepotea. Mwenyewe amekufa, Bwana. Hiyo inatosha."

Nimewahoji mawaziri. Huyu nilimshukuru, nikafunga daftari.

Nilikaa kwenye benchi la banda la kupimia samaki, nikafungua kompyuta. Karani hakuwa amekosea, aliandika alichokiona. Kompyuta nayo ilijibu ilichoulizwa. Swali ndilo lililokuwa baya. Tuliuliza kama orodha mbili ni sawa, na pale ufukweni hakuna mtu anayehitaji kujua hilo. Mama yako hahitaji kujua hilo. Wanachotaka ni kimoja: nani aliondoka na hajaonekana?

Basi niliandika hivyo. Chukua kila jina la jioni, litafute kwenye orodha ya asubuhi. Ukilikosa, geuka mwekundu na ulitaje. Jina la ziada asubuhi haliumizi mtu, liache. Hakuna kupanga, hakuna kugeuza kuwa maandishi. Ni mistari michache. Nadhani ndiyo uliyokuwa umeandika wewe, ile aliyoiacha fundi, lakini siwezi tena kuthibitisha, na nisichoweza kuthibitisha sikiandiki.

Nililisoma swali lile kwa sauti kuona kama limekaa sawa. Nani aliondoka na hajaonekana. Nikafunga kompyuta. Nikatazama feri ikiingia, watu wakashuka na mizigo yao, ikaondoka. Ndipo nikaifungua tena.

Nilifanya jaribio, kwa sababu kijani kinachotokea kwa bahati ni hatari zaidi kuliko wekundu wa uongo. Kwenye nakala ya majaribio nilifuta jina moja katika orodha ya asubuhi. Nilichagua mashua ambayo Ouma hafanyi kazi ndani yake. Ukurasa ukawa mwekundu, ukaitaja hiyo peke yake. Sasa siku ikitokea, hawatakimbia wote. Watakimbia wenye mtu wao, na wengine watawasha injini kwenda kutafuta.

Ijumaa ulikuwa wa kijani. Nyar Asembo imeandikwa miongoni mwa zilizoonekana, mahali alipoiweka Mama Risper, na haimsumbui mtu. Kamati imetulia. Mhariri ameacha kuuliza, na kwake hiyo ndiyo shukrani.

Nililala kwenu usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa hiyo nililiona hili mwenyewe. Mama yako alitazama simu, akaona kijani, akajifunga kanga akashuka ufukweni vilevile. Nilimfuata nikamwambia hakuna haja, wamerudi wote, Ouma naye amerudi. Akasema, "Nimeona, baba. Nakuja tu kukaa." Akaenda akaketi mchangani, mgongo ameuegemeza kwenye mbao za mashua yako. Nilisimama kidogo. Halafu nikaketi upande wa pili. Ukurasa wako unaweza kumwambia kila kitu kuhusu walioenda ziwani. Kuhusu wewe hauna la kumwambia, na mimi pia sina.

Ndivyo mambo yalivyo, Otieno. Sijapunguza wala kuongeza.

Sasa nakuacha, rafiki yangu. Pumzika. Ukurasa uko mikononi mwangu, na fundi mwingine hataugusa nisipokuwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Mambo ya nyumba yako yatakapoisha, Ouma ataisukuma Nyar Asembo majini, na Mama Risper ataiandika jioni kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Asubuhi yake nitafungua ukurasa kabla ya kazi yoyote ya gazeti, na sitanyanyuka kitini mpaka nione imeandikwa tena.

Ni mimi,
aliyekuwa akikungoja umalize twende tukale.