Barafu Inasemaje Leo?

Mzee wangu,

Najua utaniuliza kwanza kama nimekunywa chai. Nimekunywa, ile yangu ya Kikenya yenye maziwa mengi, uliyokuwa ukiiita uji. Leo ni Jumamosi. Nimekaa kwenye kigoda chako, unisamehe. Changu kimevunjika mguu, halafu nilitaka kujua dunia inaonekanaje ukiwa hapo. Mlango uko wazi, uwanja ni matope matupu, na kaloli wawili, wale korongo wakubwa wa Kampala, wamesimama juu ya paa la jirani wakiwaza yao. Mvua ya Bugolobi inakuja, inaghairi, inakuja tena. Nyuma yangu tanuru linavuma. Nimeliwasha mwenyewe, na hapana, sijaliegemea.

Tangu Ijumaa ile uliposujudu alfajiri nyumbani kwako Kasubi usiinuke tena, karakana yetu ya kusahihisha vipimajoto ilifungwa siku arobaini. Bi Hadija alitaka hivyo, na nani angembishia mkeo? Siku ya arobaini, baada ya hitima, nilikuwa uani na kina mama nikisugua sufuria ya pilau. Akanijia, akanitia ufunguo kwenye kiganja chenye povu. "Kafungue, Nekesa. Chuma kikilala sana kinashika kutu." Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, tena ndani ya sufuria ya watu.

Nilipofungua, kitu cha kwanza kuona kilikuwa kitambaa chekundu. Mzee, kilikuwa bado kinaning'inia kwenye mshikio wa tanuru! Sheria yako naijua: tanuru likiwashwa kitambaa kinatundikwa, na hakitolewi na saa wala na namba ya kwenye kioo. Kinatolewa na mtu aliyeligusa kwa mgongo wa mkono akaona limepoa. Alhamisi ile ulinipa ruhusa niondoke mapema, ukabaki peke yako ukilishusha joto taratibu, maana hukuzima tanuru hata siku moja likiwa juu. Ukaenda nyumbani ukakiacha kitambaa, nadhani ukikusudia kurudi. Basi kwa siku arobaini tanuru lilihesabika kuwa na moto. Bi Hadija alikuja mara mbili kutazama kama mvua imeingia ndani, akalizunguka kwa mbali. Hata mimi nilisimama mbele ya tanuru nikaogopa. Mwishowe nikageuza mkono, nikaligusa.

Baridi. Nikakitoa kitambaa, nikakikunja mara nne kama ulivyokuwa ukikikunja, nikakaa chini kwenye simiti na kitambaa chako mapajani. Sijui nilikaa muda gani.

Sikuliwasha kwa pupa, usiwe na wasiwasi. Uliniambia tanuru lililolala muda mrefu hunywa unyevu kama ukuta wa udongo, na mwenye haraka hurushwa na umeme. Nikakagua waya wa ardhi kwanza. Ile ekstensheni ya jirani nikaitoa nje kabisa, maana kwako tanuru lilikuwa linanyonya ukutani au halinyonyi. Nikaliweka katikati ya meza ya mawe, dhiraa nzima kutoka kila upande, kwa mkono wangu mfupi huu, nikaongeza kidogo kufidia. Kalenda iliyokuwa juu yake ikahamia mlangoni. Nikafuta vumbi kwenye feni. Nikautoa moyo wake, kile kipande cha chuma chenye matundu ya kuingizia vipimajoto, nikaukausha, nikamulika kila tundu kwa tochi. "Tone moja la maji mle likigeuka mvuke, linatoka na uso wako." Siku yangu ya kwanza uliponiambia hivyo nilidhani unamtisha mgeni kutoka Bungoma. Nikavaa glavu za ngozi na ile miwani inayonifanya chura. Nikaweka digrii mia moja tu, nikatundika kitambaa, nikakaa kungoja masaa mawili.

Hapo ndipo ulipokuja.

Unajua jinsi joto la tanuru linavyolevya mchana wa mvua. Mabati yananong'ona, feni inavuma, macho yanakuwa mazito, na huwezi kusema ni wakati gani uliacha kuwa macho. Uliingia ukiwa umepandisha kanzu isiguse matope, ukasema "kwema humu?" ukaketi hapa hapa nilipokaa sasa. Tasbihi ilikuwa mkononi. Ulikuwa ukipima utulivu kwa tasbihi, namba isitikisike mizunguko mitatu ndipo uandike, nami nikichezesha mguu unanicheka: "Nyinyi Wakenya mnakimbia hata mkiwa mmekaa." Katika ndoto hukunicheka. Ulizungusha shanga polepole, mvua ikaanguka kwa mwendo wa shanga zako, kisha ukaniuliza lile swali la kila asubuhi.

"Barafu inasemaje, mwanangu?"

Nikafumbua mdomo nijibu, nikakuta umejaa barafu. Ukangoja, kama kawaida yako, bila kukasirika. Nilipozinduka namba ilikuwa imesimama kwenye mia moja na kigoda chako kitupu. Nikalia kwa sauti, maana hapakuwa na wa kunisikia.

Mzee, sasa nikwambie. Nimezunguka vya kutosha.

Wiki tatu kabla hujafa niliangusha kipimajoto mama. Kile chenye waya wa platinamu ndani, kile ambacho vipimajoto vyote vya wateja huingia tanuruni kando yake ili vipimwe ukweli wao. Ulisema hakilali mezani hata kwa pumzi moja, kinatoka kwenye sanduku lake kinaingia kazini, kinatoka kazini kinarudi sandukuni. Wewe ulikuwa nje unatawadha kwa ajili ya adhuhuri. Simu ikalia. Nikakilaza ukingoni mwa meza, kikabingirika, kikapiga simiti. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama kijiko. Nikakiokota, nikakifuta, hakikuwa hata na mkwaruzo. Ukaingia ukijifuta mikono, ukaniuliza kama kuna mteja. Nikasema hapana, ni dada yangu tu kapiga.

Kesho yake nikaponda barafu, nikaijaza kwenye chupa ya chai pamoja na maji kidogo, nikakitumbukiza. Barafu inayoyeyuka ni sifuri, Kampala ni sifuri na Mombasa ni sifuri, na kipimajoto mama kisiposema sifuri ni mgonjwa, hakuna kazi siku hiyo. Hilo ulinifundisha kabla hujanionyesha hata swichi ilipo. Kioo kikasema sifuri nukta tisa. Karibu digrii nzima, Mzee. Ukauliza barafu inasemaje. Nikasema, "Sifuri, Mzee."

Ukaandika, uso ukikaribia kugusa daftari. Mtoto wa jicho alikuwa ameshakufunika macho yote mawili, na namba za kioo ulikuwa huzioni tena. Ulikuwa ukiwaambia wateja bila aibu, ukinishika bega, "Macho yangu ni huyu." Nami nilikuambia sifuri kila asubuhi kwa wiki tatu. Nilijiapiza nitasema kesho. Nilikuwa naogopa utanifukuza, lakini zaidi ya hapo, wee, nilikuwa naogopa utanyamaza. Ukitukana mtu anajitetea. Ukinyamaza je?

Vyeti sita vya kuthibitisha vipimajoto vya wateja vilitoka katika wiki hizo, vyote vimewekwa saini yako. Kimoja ni cha kliniki ya akina mama ya Kamwokya, cha mashine yao ya mvuke ya kutakasia vyombo vya kuzalishia. Walikuwa wanaamini mashine imefika digrii mia moja ishirini na moja za kuua vijidudu, na haijafika.

Jioni ya siku ile ya ndoto niliweka joto chini, nikangoja, nikagusa, nikakitoa kitambaa. Kesho yake nikaponda barafu peke yangu. Sifuri nukta tisa. Na unaamini? Kabla sijafunika chupa, simu ikalia, ni Sista wa kliniki ile. Wana mashine ya pili, anataka niipime "kwa kipimo kile kile cha Mzee, hicho ndicho tunachokiamini." Nilikuwa na kalamu mkononi. Chumba kizima hakuna mtu. Ningeandika sifuri mara moja tena na jina lako likabaki safi kaburini, na mimi nikabaki na kazi. Nilifikiri hivyo, sikufichi. Nilifikiri kwa muda wa kutosha kujichukia.

Nikamwambia Sista asiwashe hata ile ya kwanza. Nikapanda boda mpaka Kamwokya, nikamweleza nimesimama, kiti alichonipa sikukikalia. "Banange, Nekesa! Hapa wanazaliwa watoto!" Akanishushia maneno mbele ya wagonjwa, na yote yalikuwa haki yangu. Halafu akatulia, akafungua kabati, akatoa karatasi zao, zile zenye mistari inayogeuka myeusi mvuke ukiwa umetosha. Alizitoa moja moja za wiki zote zile, tukaziangalia pamoja dirishani. Zote nyeusi. Kumbe wao huiacha mashine dakika za ziada kila mara, ni woga wa muuguzi wao mzee. Mungu ampe maisha marefu na woga wake. Hapo ndipo nilipokikalia kile kiti. Vyombo wakawa wanavipeleka kutakaswa kwingine mpaka nitakaporudi, nami nikaenda kwa wale wateja wengine watano.

Aliyebaki alikuwa Bi Hadija. Huyo nilimwogopa kuliko wote. Nilikwenda Kasubi na daftari lako mkobani ili anione naandika kosa langu mbele yake. Nilipomaliza akaniuliza: "Alikuambia macho yake ni wewe, nawe ukayafumba?" Akainuka, akaniacha sebuleni na saa ya ukutani. Nilidhani mambo yamekwisha. Akarudi na miwani yake.

"Lete hilo daftari."

Unajua mimi namba zako nilikuwa nazisoma, lakini maneno uliyoandika pembeni kwa herufi za Kiarabu sikuwahi kuyajua. Nilidhani ni dua. Bi Hadija akaweka kidole, akasoma mstari baada ya mstari, Kiswahili kitupu: sifuri, kwa macho ya Nekesa. Sifuri, kwa macho ya Nekesa. Kila siku, miaka yote minne niliyofanya kazi nawe. Hukuwahi kuandika umeona kitu ambacho hukukiona. Nilikuwa nahangaika kulisafisha jina lako, kumbe wewe ulikwisha kuliandika langu mahali pake.

Akafika mstari wa mwisho, wa Alhamisi ile. Akausoma kimya, akaivua miwani usoni, akaifuta, akausoma tena kwa sauti.

"Sifuri, kwa macho ya Nekesa. Lakini sauti yake si yake wiki hizi. Nimuulize Jumamosi, tukiwa wawili tu."

Tukalia, Mzee. Safari hii na yeye alilia. Alinishika mkono juu ya daftari akasema yeye hana la kuongeza, aliyekuwa na swali ameshaenda nalo.

Kipimajoto kile kimestaafu, nimekilaza sandukuni mwake na karatasi inayosema kilianguka, na nani alikiangusha. Kipya kimetoka Nairobi wiki hii. Vyeti vyote sita nimevirudia, cha kliniki nikianza nacho, tasbihi tatu kila namba. Ndiyo, tasbihi. Bi Hadija amenipa yako, akasema Mkristo naye anajua kuhesabu. Juzi umeme ulikatika tanuru likiwa mia tatu, feni ikanyamaza, na fundi wa jirani akaja mbio anataka kunisaidia kulisogeza lisilowe na mvua ya mlangoni. Nilimfokea kwa maneno yako: umeme ukikatika, moto haukatiki! Akarudi nyuma na mikono yake mizima. Ungefurahi.

Tanuru likishapoa nitaligusa, nikitoe kitambaa, nikifunge chumba, nipitie kwako Kasubi niondoe majani kaburini. Nakuahidi sitataja namba ambayo macho yangu hayajaiona, na iliyoonwa na macho yangu sitaimeza. Pumzika, Mzee. Mungu wako na wangu akupe kivuli.

Na kwa kuwa leo ni Jumamosi, na tuko wawili tu: hukukosea, sauti ile haikuwa yangu. Hii ndiyo yangu. Asubuhi nimeponda barafu, nimengoja mizunguko mitatu. Imesema sifuri nukta sifuri mbili, kasoro ndogo inayokubalika kazini kwetu. Nimeandika hivyo hivyo, pamoja na mbili yake.

Wako,
Nekesa