Jumamosi Zako za Ovataimu

Baba Audrey,

Githeri iko kwenye friji, pasha moto. Audrey umchukue shule saa tisa. ~~Shati lako la bluu nimelipiga pasi.~~ Shati la bluu nimelirudisha kwenye maji.

Asubuhi ukiwa bafuni unaimba, wakili wetu wa kesi ya kufilisika alipiga simu. Anasema kwa sababu ya ovataimu yako, malipo yetu ya kila mwezi kortini yatapanda. Eti alikueleza tangu Machi, ukamjibu sawa. Kumbe unajua pesa za Jumamosi karibu zote zinaenda kwa wanaotudai, na bado unaamka alfajiri kujipulizia pafyumu! Nani hupanga maboksi ghalani akinukia hivyo?

Na huyo Anysie wa kazini kwenu unayempa lifti, ni lazima akae mbele? Kiti changu nimekikuta kimesukumwa nyuma kabisa. Miguu yangu si mirefu hivyo.

Usinipigie, niko kazini. Nimeshaongea na supavaiza wako, kesho Jumamosi naanza shifti hapo hapo ghalani kwenu. Pesa yangu nayo wanaotudai waichukue tu. Lakini mbele nakaa mimi.

Mama Audrey