Koti Ndani ya Kapu la Maharage

Jumapili, 6 Julai 2025

Tumetoka kanisani, sijavua hata viatu, mume wangu Ambakisye ananiambia kiwandani wamepunguza zamu. Baridi hii chai haichipui, majani hakuna, atakuwa anakwenda siku tatu tu kwa wiki. Amelisema kama mtu anayetangaza mgeni. Halafu akaongeza: gunia la mkaa basi, tutanunua kwa ndoo. Sukari kijiko kimoja. Taa ya nje izimwe. Haba na haba, mama Asifiwe.

Haba na haba! Mwanaume anayeacha bomba la uani linamwagika muda wote anaonyoa ndevu.

Nilikuwa natazama sufuria ya maharage. Na baridi hii ya Tukuyu, maharage yanakula mkaa kuliko sisi tunavyoyala yenyewe. Kwa ndoo? Sijui.

Jumanne, 8 Julai

Leo jirani yangu Prisca amenifumbua macho. Nimempitia twende shamba, nikamkuta na maharage jikoni, ameyaloweka tangu jana. Yamechemka kidogo tu, akaipua sufuria na mfuniko wake, akaitumbukiza kwenye kapu lililojazwa majani makavu ya migomba na blanketi kuukuu, akalaza mto juu. Moto akauzima. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anayalaza. Nikajua ananitania.

Tumerudi mchana, amefunua — mvuke! Yameiva, yanapondeka kwa vidole. Bila moto! Nimeonja, nikaonja tena. Miaka yote hii nimekuwa nachoma pesa na kupuliza majivu, na Prisca yupo ng'ambo ya ua tu, hasemi. Eti hakujua kama mimi sijui.

Jumatano, 9 Julai

Nina kapu langu. La kubebea ndizi, pana, zuri. Majani makavu nimeokota bure. Tatizo lilikuwa kitu kizito cha kuzungushia. Blanketi la ziada hatuna. Ambakisye akapanda kwenye stuli, akavuta mfuko juu ya kabati, akatoa koti. Zito la kahawia, bitana nyekundu, nondo wameshalitoboa mgongoni. Nikamuuliza la nani. Akajibu: la mtumba, lilikuwepo tu, kata.

Nimekata. Mgongo umekuwa kitako cha kapu, mikono nimeizungusha pembeni, kifua nimeshonea mfuniko. Kola ilikuwa ngumu, nimewashia nayo moto. Kapu limependeza, nasema kweli.

Jumamosi, 12 Julai

Siamini. Ndoo ya mkaa ya Jumatatu bado ipo! Wali unaiva humo, kande zinaiva, maji ya kuoga jioni bado ya moto. Nafua mara mbili kwa povu lilelile, nguo nyeupe kwanza, za shamba baadaye. Maji ya mwisho naoshea choo. Ambakisye anatamba kiwandani kwamba ametugundulia jiko lisilokula mkaa. Yeye ametugundulia! Nimemwacha atambe.

Jumapili, 13 Julai

Baba mkwe anakuja kesho kutoka Nkunga. Miguu inamvimba, hospitali wamempa siku ya Alhamisi. Atalala kwetu.

Tangu niolewe sijamtazama usoni. Kwa wazee wa kule mke wa mwana hakai chumba kimoja na baba mkwe, hamsemeshi, hataji jina lake, hagusi vitu vyake. Wengi wameacha. Baba mkwe wa Prisca anambebea watoto mgongoni. Wa kwangu hajaacha, na mimi kwa kumheshimu sijaacha. Namjua kwa kikohozi: akikohoa, napotea. Akitaka kuniambia jambo anauambia ukuta, nami nasikia.

Ninachoomba ni aondoke na amani. Ndugu wengine wa Ambakisye walishamuudhi, naye hawasemeshi mpaka leo.

Jumatatu, 14 Julai

Amefika. Nilijificha nyuma ya jiko mpaka akaingia chumbani. Chakula naweka kwenye kigoda mlangoni, nabisha, nakimbia. Jioni bakuli limerudi tupu, na sauti ikauambia ukuta: ndaga, asante, maharage haya yamelala vizuri, marehemu mke wangu ndiye aliyekuwa anayalaza hivi kwenye majani.

Kumbe! Na yeye! Nimefurahi mpaka nikasahau kula.

Jumanne, 15 Julai

Mwiko umeniponyoka.

Nilikuwa jikoni, wao sebuleni, mlango umeegeshwa. Mzee akamwambia Ambakisye baridi ya huku imemwingia mifupani. Lile koti langu la kahawia nililokupa Pasaka ulipeleke kwa fundi, limekamilika? Nataka nilivae nikienda hospitali.

La kahawia. Nimegeuka taratibu nikalitazama kapu. Bitana nyekundu inanitazama.

Ambakisye akajibu bila hata kumeza mate: lipo kwa fundi, Tata. Mzee akasema basi fundi asilipoteze, kwa maana marehemu mkewe alimnunulia kwa pesa za maziwa ya ng'ombe wake, na wanawe wote ameshawaambia wamzike nalo.

Wamzike nalo! Na mimi nimelifanya mfuniko wa maharage.

Nimembana chumbani. Eti alisahau kulipeleka, nondo wakalila, akaona aibu, akaona bora lifanye kazi. Bora lifanye kazi! Sijawahi kugusa hata kikombe cha huyu mzee, na koti lake nimelikata kwa mkasi, nimelikalia nikishona. Nimelia, siyo kidogo. Kwao wanasema mzee akikunung'unikia moyoni, baridi inaingia nyumbani na watoto wanaugua. Mimi mtu wa kanisa, huwa nasema siamini. Leo naamini. Naogopa.

Jumatano, 16 Julai

Ambakisye ameondoka alfajiri. Leo si zamu yake.

Nimefumua kapu. Koti linanuka maharage. Vipande vyote vipo ila kola. Prisca alicheka mpaka akashika mbavu, nilipomwambia habari ya kuzikwa akaacha. Ameniazima cherehani yake.

Mchana nimepika maharage kwa moto wa haraka. Bakuli limerudi nusu. Ukuta umeambiwa: leo hayakulala, kuna nini?

Alhamisi, 17 Julai

Nina kalamu mkononi kwa sababu sijui mikono niiweke wapi.

Nilikuwa jikoni nashona mkono wa kushoto wa koti. Cherehani ya Prisca ina kelele, sikusikia kikohozi. Nimeinua macho, Mzee amesimama mlangoni na bakuli lake. Amefuata maharage kabla ya kwenda hospitali. Nimemwona uso! Ana pua ya Asifiwe wangu.

Nimejitupia kanga kichwani, nikageukia dirishani. Naye amegeukia ukutani. Kigoda kikaburutwa. Amekaa. Humu humu, chumba kimoja na mimi.

Akauuliza ukuta: nani amekata?

Nikaliambia dirisha: mimi, Tata. Sikujua ni la kwako. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumsemesha, na nimeanza na hilo.

Akauuliza ukuta: nani alikupa?

Nikimtaja, nimemuuza mume wangu. Nikinyamaza, nimelibeba peke yangu. Amekaa tu, hainuki. Nachungulia kwenye upindo wa kanga: naona mgongo wake, na ule mkono wa koti ameuchukua, anapapasa bitana kwa kidole gumba.

Geti limelia. Ni Ambakisye. Anaita tangu uani kwa furaha, Tata, fundi amemaliza, amelitia na kola mpya! Namwona kwa dirisha, amelitundika begani. Koti la mtumba, refu, la bei. Mkaa wa miezi miwili unaning'inia pale. Na ni jeusi. Jeusi! Hata rangi hakukumbuka.

Nimefungua mdomo nimwonye. Mzee ameukunja ule mkono, ameusukuma ndani ya shati lake, akauambia ukuta polepole: usimwambie kitu, mwanangu. Mwache aingie.