Mpira wa Injini Chini ya Blanketi

Macquarie Fields, Sydney, Jumatatu, Julai 2021

Gari halitetemeki tena, na aliyelitengeneza ni mimi.

Mpira unaobeba injini ulikuwa umepasuka. Kila tukisimama kwenye taa, gari lilitikisika kama mashine ya kusaga. Mpya ni ghali, basi Ijumaa niliitegemeza injini kwa jeki na ubao, nikaufungua mpira, nikajaza nyufa zake kwa gundi nyeusi ya kubandikia vioo vya gari, kama nilivyoona kwenye video.

Gundi ilitaka siku tatu ikauke. Mke wangu alitakiwa awe kazini leo alfajiri, kwenye nyumba ya wazee, na bila gari ni mabasi mawili na watu wanaokohoa. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Tena baridi hii huichelewesha gundi. Nikaufunga mpira kwa gazeti, nikaulaza kitandani upande wangu, chini ya blanketi la umeme. Mimi nikahamia kwenye kochi.

"Baba Salma, huyu mgeni wako anaondoka lini?"

"Akikauka."

"Angalau hakoromi."

Jana jioni niliurudisha mahali pake. Leo mke wangu ameenda na amerudi. Nilimngoja mlangoni kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

"Limetulia," akasema, barakoa bado usoni. "Limetulia mpaka nimesikia breki zinavyolia."

Nilifurahi, kisha nikaacha kufurahi.

Video za breki nimeshazitazama. Nimeogopa. Kesho namwita fundi.